Jibu: Nisubiri wakubwa waanguke?

Waalaikum salaam, ndugu wa Jambiani. Unasema wateja wa nyumba yako ya wageni karibu wote wanakupata kupitia Google, na unauliza utafute njia nyengine au usubiri, kwa kuwa kila kampuni kubwa ya teknolojia huanguka.

Huanguka, lakini usiiwekee tarehe. Mimi nilikuwa fundi simu Darajani. iPhone ilipotoka 2007 sikushituka. Mezani kwangu ilikuwa Nokia juu ya Nokia, nikajaza droo nzima betri za BL-5C. 2014 Nokia ikakamilisha kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu. Betri ninazo hadi leo, nyengine zimevimba kama maandazi.

Ila tazama nani kakaa kwenye kiti. Simu nyingi zinazopita Darajani sasa ni za Android, yaani mfumo wa simu wa Google hao hao. Katoka mkubwa, kaingia mkubwa. Na mahakama usizitegemee: serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya kompyuta ya IBM kwa kuhodhi soko 1969, kesi ikafutwa 1982. Google yenyewe, jaji wa Marekani aliamua Agosti 2024 kwamba imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na wageni wako bado wanaitumia.

Angalia kwanza daftari lako. Waliokwisha lala kwako, namba zao unazo? Kama huna, anza na anayeondoka kesho. Muombe kabla hajapanda gari ya uwanja wa ndege. Kabla ya Juni waandikie wote, bei yako mwenyewe, bila dalali. Tovuti itakuja baadaye.