Huo si utani, mwanangu

Shangazi,

Nina miaka 33, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha. Mimi Mpare, mume wangu Mchaga, ana duka la vifaa vya ujenzi. Tuna watoto wawili. Baada ya kujifungua wa pili nilinenepa, mume wangu akaanza kuniita "tipa". Mwanzoni ilikuwa chumbani, wawili tu, nikacheka. Sasa ni mbele za watu. Ijumaa rafiki zake wakija, nikitokea na sinia anasema, "Pisheni, tipa linarudi nyuma," na ule mlio anaufanya: pii, pii, pii. Wanacheka wote. Na mimi nacheka.

Nikimwambia inaniuma, ananijibu kwamba Wapare na Wachaga ni watani, nisinune. Siku hizi mezani nasema nimeshiba, halafu nakula jikoni nimesimama, kwenye sufuria. Usingizi umekuwa wa kuokoteza. Nilinunua hadi kanga ya kijembe nikaivaa wiki nzima; nadhani hakuisoma. Juzi mwanangu wa miaka sita kaniambia, "Mama tipa, naomba maji." Nivumilie tu?

Mama Wawili

*

Mama Wawili, mwanangu,

Hapo kwenye sufuria nilisimama. Mke wa mtu, mwenye nyumba yake, anakula amejificha kama mwizi wa mboga. Barua yako ingekuwa na sentensi hiyo moja tu, ningekujibu.

Sasa bahati mbaya ya mumeo ni kwamba mimi pia ni Mchaga. Utani wa Wapare naujua, nimeukulia. Naweza kukuambia hapa kwamba Mpare akiibiwa kuku mmoja, atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kwenye kesi. Na wewe una ruhusa ya kunijibu kwamba Mchaga akizirai hapelekwi hospitali, inadondoshwa sarafu kwanza kuona kama ataamka. Tunacheka, tunaendelea kupepeta mchele. Huo ndio utani: mshale unakwenda na unarudi. Unapiga kabila zima, haupigi nyonga za mama aliyetoka kuzaa. Na mtani ana wajibu wake. Nendeni kwa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao utani wao wazee wanausimulia tangu enzi za misafara ya kutoka bara kwenda pwani. Mtani huyohuyo anayekutukana arusini ndiye utakayemkuta msibani kwako akichota maji na kuwachekesha wafiwa.

Mumeo anakurushia neno, nawe umeshika sinia kwa mikono miwili. Utamrudishia na nini? Halafu ukisema imekuuma, kosa linakuwa lako, umenuna. Mimi nina jina la kitu hicho, ni dharau iliyovaa kofia ya utani. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakizungumza na kugombana, aliiweka dharau juu ya makosa mengine yote ya kauli yanayobomoa ndoa, na kejeli na majina ya kubezana ameyahesabu humo humo.

Usijione dhaifu kwa kukosa usingizi. Mwili unasikiliza. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Ohio State walichapisha majibu ya jaribio la ajabu kidogo: waliwatia wanandoa 42 vidonda vidogo vya malengelenge mkononi, kisha wakapima vinavyopona. Safari moja wanandoa walizungumza kwa kupeana moyo, safari nyingine walijadili jambo wanalogombania. Baada ya mabishano vidonda vilichelewa kupona, na wale waliokuwa wakirushiana maneno ya uhasama zaidi walipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wenzao. Hapo hakuna aliyepigwa hata kofi.

Lakini nawe nina neno na wewe, na usininunie. Ile kanga. Nafahamu kijembe kina raha yake, nami ninazo kabatini ambazo siwezi kukusimulia zilivaliwa kwa ajili ya nani. Ila kijembe kinamfaa jirani. Mwanamume anayetoka dukani saa mbili usiku, kichwani ana bei ya nondo na saruji, hasomi pindo la kanga. Na akisoma atajifanya hakusoma. Wiki nzima umesema na ukuta.

Na kicheko chako kiache. Najua unacheka ili usilie mbele ya wageni, wala sikulaumu. Lakini yeye anakisikia kicheko hicho kama ruhusa, na hata wageni wanadhani mmekubaliana.

Tafuta saa ambayo ameshakula, watoto wamelala, simu iko mbali. Usianze na "wewe kila siku", maana ataanza kuhesabu siku ambazo hakukuita, na mtaishia kwenye hesabu. Sema jambo moja, fupi, kwa sauti yako ya kawaida: "Baba fulani, ukiniita tipa mbele za watu naona aibu, hata chakula hakipiti. Naomba usiniite tena, hata kwa utani." Kisha nyamaza. Hapo pagumu, najua, utatamani kuongeza habari za mama yake na za mwaka juzi. Nyamaza. Mwache yeye ajaze ule ukimya.

Akisema samahani, pokea. Akisema "nilikuwa natania tu", mjibu kwamba umeelewa, na ombi liko palepale. Halafu tazama Ijumaa. Mtu ambaye hakujua anaumiza, akijua, anaacha. Atateleza mara moja, atajishika mdomo. Akiongeza chumvi kwa sababu sasa anajua pa kugusa, hapo tumetoka kwenye mambo ya ulimi tu. Ita mshenga wenu au mzee anayemheshimu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautaja ukatili wa kiakili pamoja na ule wa mwili miongoni mwa mambo ya kuonyesha kuwa ndoa imevunjika, na baraza la usuluhishi la kata lipo. Najua Mpare haonyeshwi njia ya barazani. (Nijibu kwa sarafu, nimeshakaa tayari.)

Mtoto usimchape. Amerudia alichosikia kwa mtu anayempenda kuliko wote. Chuchumaa mfikie usoni, umwambie, "Mimi naitwa Mama. Lile jina silipendi." Akikuita Mama, mpe maji. Baba yake akiwa karibu, asikie.

Usingizi na hamu ya kula vikiendelea hivi wiki mbili tatu zaidi, nenda ukamwone daktari, usimalizie kwa dawa za kununua dirishani.

Na Ijumaa hii, chakula kikiiva, pakua sahani yako pamoja na zao. Sinia abebe yeye. Wewe tangulia ukae.

Shangazi