Muulize Mwalimu: Kikao Kimesogezwa Mbele, Niende Lini?

Barua za safari hii nyingi zimekuja na ugonjwa mmoja: saa, siku na vitenzi vya Kiingereza. Nimechagua chache. Walioniuliza kuhusu uandishi wa barua za maombi ya kazi wavute subira hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa kampuni ya kupokea na kutoa mizigo, Mombasa. Bosi wetu mkubwa ni Mwingereza na yuko London. Tulikuwa na kikao cha mtandaoni siku ya Jumatano, akatuandikia: “The meeting has been brought forward by two days.” Ofisi nzima tukaelewa ni Ijumaa. Jumatatu asubuhi simu ikalia, tunaulizwa tuko wapi. Tulikosea wapi?

Marahaba mwanangu. Mlisoma Kiingereza mkaelewa kwa Kiswahili, na hapa lugha hizi mbili zimepeana mgongo.

Sisi tukisema kikao kimesogezwa mbele, kimeahirishwa. Siku za mbele ndizo zile ambazo hazijafika, kwa hiyo ukikisogeza kitu mbele umekipeleka huko, mbali na leo. Mwingereza anaposema “brought forward” sikiliza kitenzi kwanza: “bring” ni kuleta. Kikao kilikuwa kule Jumatano, yeye amekivuta kukileta kwenu mlipo. Kwa hiyo kimewahishwa, na Jumatano ukitoa siku mbili unapata Jumatatu.

Kinyume chake nacho kinatega vilevile. “The meeting has been put back” au “pushed back” mtu wetu atadhani kimerudishwa nyuma, yaani kitafanyika mapema. Sivyo. Kimesukumwa kimwondokee msemaji, kitachelewa. Anayetafsiri neno kwa neno atayapindua yote mawili, na atayapindua kwa uhakika kabisa, ndiyo maana hakuna hata mmoja ofisini kwenu aliyeinua mkono kuuliza.

Na msijione wajinga. Ukiacha “bring” ukatumia “move”, wenye lugha yao wenyewe wanagawanyika. Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti wao mwaka 2002: waliwauliza watu huko Marekani, kikao cha Jumatano “has been moved forward two days”, sasa kitakuwa siku gani? Wapo waliosema Jumatatu, wapo waliosema Ijumaa. Walikwenda hadi uwanja wa ndege kuuliza. Abiria waliokuwa wametoka kushuka kwenye ndege walielekea zaidi kusema Ijumaa kuliko watu waliokuja tu kuwapokea. Aliyetoka safarini bado anajiona yeye ndiye anayekwenda mbele ndani ya wakati, basi na kikao anakipeleka huko huko anakoelekea. Aliyekaa akingoja anauona wakati ndio unaomjia.

Dawa yake si ya vitabuni. Barua kama hiyo ikija, mjibu bosi papo hapo: “So we meet on Monday at ten?” Itaje siku kwa jina lake. Hakuna bosi atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo; atakasirika mkimwacha peke yake kwenye kioo.

Tena, kwa kuwa bandarini hamkosi kuandikiana na Wahindi, kuna siku mtaletewa “prepone”. Ni kinyume cha “postpone”, maana yake kuwahisha, na limeshaingia kwenye kamusi ya Oxford. Wapo Waingereza wanaolikunjia uso. Mimi nalipenda, maana halina mbele wala nyuma ya kubishania.

Mwalimu, salamu kutoka Leeds. Ni muuguzi, mzaliwa wa Tabora. Msimamizi wangu amenisahihisha mara mbili: niliandika “I am working here since 2021”, na kwenye makabidhiano ya zamu nikasema “The patient has vomited last night.” Ananielewa, lakini anasahihisha. Nina tatizo gani?

Huna tatizo la akili wala la shule. Una Kiswahili kizuri kinachovuja.

Tuanze na mgonjwa. Kwa Kiswahili “mgonjwa ametapika jana usiku” ni maneno ya kila siku, hakuna atakayekugeukia. Kiambishi chetu -me- hakina makuu, kinakaa na jana bila ugomvi. Kiingereza kina wivu. “Has vomited” inataka wakati ambao mlango wake bado uko wazi: leo, wiki hii, tangu asubuhi. Ukishataja wakati uliofungwa, kama “last night”, “yesterday”, “at six”, “two hours ago”, basi kitenzi kirudi kuwa “vomited” peke yake. Kwa hiyo kwenye zamu sema “She has vomited twice today”, lakini “She vomited at six.” Kielezi ndicho kinachochagua kitenzi, kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize kwanza utataja saa au hutaji.

Hiyo “since” ni upande wa pili. Sisi tunasema nafanya kazi hapa tangu 2021, na “na” hiyo inatutosha kabisa kwa sababu kazi bado inaendelea. Wao wanataka uunganishe mwanzo na sasa: “I have been working here since 2021.” Ukihesabu muda badala ya kutaja mwanzo, tumia “for”: “for three years.” Hapo nakuomba uangalie sana siku ya usaili. “I have worked there for three years” maana yake bado uko kazini. “I worked there for three years” maana yake umeondoka, na anayekusaili anaweza kukuuliza kwa nini uliacha kazi ambayo hujaiacha.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, ila kwa kazi yako nalisema. Kwetu “sijampa dawa” na “sikumpa dawa” ni habari mbili tofauti. Ya kwanza inamwambia mwenzako dawa bado inamngoja mgonjwa. Ya pili inasema nafasi ilipita. Kiswahili kimeficha tofauti hiyo ndani ya kitenzi, kwenye -ja- ile ndogo. Kiingereza cha Uingereza kinaitoa nje: “I haven't given it yet” kwa ya kwanza, “I didn't give it” kwa ya pili. Usiseme “I didn't give it” ukimaanisha “bado”, mwenzako wa zamu ya usiku asije akadhani imeamuliwa mgonjwa asipewe. Na ukikutana na Mmarekani akakuuliza “Did you give it yet?” usimsahihishe. Wamarekani wengi husema “Did you eat yet?” na “I already ate” bila wasiwasi, mahali ambapo Mwingereza angeweka “have”.

Mwalimu, mimi ni dereva wa watalii Moshi. Mgeni wa Manchester kaniambia nimfuate hotelini “half seven” asubuhi. Mwenzangu anayejua Kijerumani anasema ni saa kumi na mbili na nusu. Nani mkweli?

Wote wawili, kila mmoja na mgeni wake. Mwingereza akisema “half seven” amemeza “past” katikati. Ni saba na nusu yao, yaani saa moja na nusu asubuhi kwetu. Mjerumani akisema “halb sieben” anahesabu nusu ya kuelekea saba, kwa hiyo ni saa kumi na mbili na nusu. Ukimfuata Mwingereza kwa saa ya Mjerumani utakaa kwenye gari saa nzima. Ukifanya kinyume chake, mwenye kukaa ni mgeni, na bahshishi hiyo isahau. Na ukipata Mmarekani mwenye umri kidogo akakuambia “a quarter of seven”, ni saa moja kasorobo.

Mwalimu wetu aliandika ubaoni: “Submit your work by Friday.” Rafiki yangu anasema angeandika “until Friday” ingekuwa sawa. Mwanafunzi, Dodoma.

Isingekuwa sawa. “Until” inakwenda na jambo linaloendelea mfululizo mpaka hapo: ofisi iko wazi “until four”, nitakuwa Dodoma “until Friday.” “By” inakwenda na jambo linalotokea mara moja, ambalo siku hiyo isipite halijatokea. Kukabidhi daftari ni mara moja. Ukitaka kumpima rafiki yako, mwandikie “I'll be here until Friday” na “I'll be here by Friday”, kisha muulize ni ipi kati ya hizo inayosema nitafika na ipi inayosema nitaondoka.

Mwalimu, nipo Johannesburg kwa kazi. Fundi bomba kaniambia anakuja “just now”. Nimemngoja tangu asubuhi, jua linazama. Je, nimdai fidia?

Pole sana, lakini hana kosa. Huko Afrika Kusini “just now” ni baadaye, muda fulani, akipata nafasi. Usilicheke mno, maana na sisi mtu anainuka, anavaa viatu, anatoka mlangoni huku akisema “nakuja”. Waingereza wa kale nao “soon” yao ilikuwa na maana ya papo hapo, na “presently” ndivyo hivyo hivyo. Watu wakaendelea kuchelewa mpaka maneno yenyewe yakachelewa nao.

Kwa fundi wako, neno la kusubiri ni “now now”. Hilo ni la karibu zaidi. Akikuambia “now now”, fungua geti. Akikuambia “just now”, nenda sokoni, rudi, upike, ule, halafu ndiyo umpigie simu.