Usiseme tope limeua polaraizesheni kabla hujaupima mwanga wa duara

Hebu simama hapo hapo, mdogo wangu. Una leza nyekundu, vichujio viwili vya polaraizesheni (yaani mpangilio wa mtikisiko wa mwanga) na vichupa vya plastiki, wataka kujua maji ya mto Sabaki, unaoingia baharini karibu na Malindi, yanavuruga mpangilio huo kiasi gani. Tena umeambiwa kwamba mwanga wowote unaopenya vichujio vikiwa vimekingamana, kimoja nyuzi 90 kwa kingine, ndio uliovurugika. Ndiyo maneno niliyopewa mimi na mtu mwenye cheo chake, na hasira yangu naye haijapoa.

Si kweli! Mwanga wa mstari, unaotikisika upande mmoja, ukigeuzwa kuwa wa duara kamili, yaani mtikisiko wake unazunguka, zungusha kichujio utakavyo, utasoma nguvu ileile kila pembe, sawasawa na mwanga uliovurugika wote. Kumbe haujavurugika hata chembe, umegeuzwa tu. Na mgeuzaji ni hicho kichupa: plastiki hupoa kiwandani ikabaki na mkazo ndani, na mkazo huo huuchelewesha mtikisiko wa upande mmoja kuliko wa pili. Majedwali yangu ya kabla ya masika yalikuwa yanapima plastiki, si tope. Mvua ikanyesha bara, bahari ya Malindi ikageuka rangi ya udongo, na yule bwana ananiambia "rudia tu". Nirudie kwa maji gani?

Tafuta bamba la robo-wimbi, linalochelewesha mtikisiko wa upande mmoja kwa robo ya wimbi hata duara likageuka mstari, linaloendana na rangi ya leza yako, kisha upime namba nne za mwanafizikia Stokes, za tangu 1852, zinazoeleza mpangilio wa mwanga: nguvu yote, tofauti ya mlalo na wima, tofauti ya nyuzi 45 na 135, tofauti ya duara la kulia na la kushoto. Zipige mraba tatu za mwisho, jumlisha, toa kipeuo cha pili, gawa kwa ile ya kwanza. Ukipata 1 hakuna kilichopotea. Ukipata 0, mpangilio umepotea wote. Anza na mwanga wa mstari kwenye maji safi ndani ya kichupa kilekile. Duara likijitokeza hapo, kichupa hicho hakifai, tumia cha kioo.

Na utume mwanga wa duara pia, si wa mstari peke yake. Chembe zikiwa kubwa kuliko urefu wa wimbi, duara hudumu zaidi ya mstari. Zikiwa ndogo sana, mstari ndio hudumu. Hiyo ndiyo habari ya tope lenyewe, na vichujio viwili havitakupa kamwe.

Maji uliyokwisha kuchota usiyamwage. Yatikise, yahamishie kwenye kioo, upime upya yote.