Maswali na Majibu: Kila Kidhibiti cha Sauti na Mahali Pake

Swali: Programu ya kurekodi na kuchanganya muziki ninayotumia ina mahali pengi pa kupandisha na kushusha sauti ya traki moja: kwenye klipu yenyewe, ndani ya plagini, kwenye kitelezi cha traki na kwenye masta. Nikitaka sauti ya mwimbaji ipungue, nishike kipi?

Jibu: Inategemea unataka kupunguza nini hasa, kwa sababu vidhibiti hivyo havifanyi kazi moja hata kama vyote huonekana kushusha sauti. Katika programu nyingi, sauti hutoka kwenye klipu (kipande kilichorekodiwa), ikapita katika plagini (programu ndogo za kubadilisha sauti) moja baada ya nyingine, ikafika kwenye kitelezi cha traki, ikaingia katika kundi kama lipo, na mwisho ikafika kwenye masta, yaani njia ya kutokea ya wimbo mzima. Unachobadilisha mwanzoni mwa njia hiyo hubadilisha pia utendaji wa kila kitu kinachofuata.

Tuchukue kompresa, plagini inayobana sauti inayozidi kiwango fulani kiitwacho kizingiti, iliyowekwa kwenye traki ya mwimbaji, kizingiti chake kikiwa desibeli -18 na uwiano wake 4 kwa 1. Vilele vya sauti vikifika -10, vimezidi kizingiti kwa desibeli 8. Kompresa itaruhusu 2 tu zipite, na vilele vitatoka vikiwa -16. Sasa shusha klipu kwa desibeli 6. Vilele vitaingia vikiwa -16, vitazidi kizingiti kwa desibeli 2, na vitatoka vikiwa -17.5. Umeshusha desibeli 6, lakini maneno yaliyoimbwa kwa nguvu yamepungua kwa desibeli 1.5 peke yake, ilhali maneno ya upole, ambayo hayafiki kwenye kizingiti, yamepungua kwa desibeli 6 kamili na huenda yamezama chini ya ala. Ukishusha kitelezi badala ya klipu, vyote viwili hupungua kwa kiasi kilekile na kompresa inaendelea kufanya kazi kama ulivyoipanga.

Kwa hiyo napendekeza klipu itumike kusawazisha neno lililotoka kwa nguvu kupita kiasi au lililofifia kabla halijafika kwenye kompresa. Kidhibiti cha mwisho cha plagini kitumike kurudisha sauti katika kiwango ilichokuwa nacho kabla ya plagini hiyo. Na kitelezi cha traki kibaki kwa ajili ya kupanga uwiano kati ya mwimbaji na ala. Masta iache kwenye 0.

Swali: Kwa nini kitelezi kinaonyesha 0 huku sauti ipo, na mita inaonyesha namba hasi?

Jibu: Hizo ni 0 mbili tofauti. Kwenye kitelezi, 0 ina maana kwamba sauti inapita bila kuongezwa wala kupunguzwa. Kwenye mita ya dijitali, 0 ni dari: ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho faili la kawaida la sauti linaweza kubeba, na ndiyo maana kila kilicho chini yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiongeza desibeli 6, ukubwa wa wimbi unakaribia kuwa mara mbili, ingawa sikio kwa kawaida huhitaji kama desibeli 10 ndipo lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu. Angalia pia kwamba alama za kitelezi zimeachana zaidi karibu na 0 na kusongamana chini, hivyo kukisogeza kidogo kikiwa chini hubadilisha desibeli nyingi kwa mara moja. Kama traki yako inakaa chini kabisa ya kitelezi, ipunguze kwanza kwenye klipu au mwishoni mwa plagini, kisha urudishe kitelezi karibu na 0, mahali unapoweza kurekebisha kwa umakini.

Swali: Hakuna traki yangu hata moja inayofika 0, lakini masta inawaka taa nyekundu. Tatizo ni nini?

Jibu: Sauti zinapokutana kwenye masta zinajumlishwa. Traki mbili zinazofanana kabisa huongeza desibeli 6. Mbili zisizohusiana, zenye nguvu sawa, huongeza wastani wa desibeli 3. Ngoma, besi, gitaa na waimbaji kadhaa wakikutana kwenye pigo moja, dari hufikiwa upesi.

Programu nyingi za sasa hupiga hesabu zake za ndani kwa mfumo wa nukta inayoelea wa biti 32 au zaidi, ambao una nafasi kubwa mno juu ya 0. Kwa sababu hiyo, taa nyekundu kwenye traki ya ndani si lazima iwe imeharibu sauti, ingawa baadhi ya plagini, hasa zinazoiga vifaa vya zamani, hubadilika sana zikilishwa sauti kubwa. Kwenye masta hali ni nyingine, kwani sauti inayotoka kwenda kwenye spika, au kuhifadhiwa katika faili la biti 16 au 24, itakatwa vilele vyake na kupasuka. Chagua vitelezi vyote vya traki na uvishushe kwa kiasi kimoja. Uwiano wa awali kati ya traki utabaki vilevile. Ikiwa traki zinapita kwenye makundi yenye kompresa, shusha makundi yenyewe.

Usichanganye jambo hili na kurekodi. Sauti iliyopasuka ikiingia kupitia kipaza sauti haitatengenezwa na kitelezi chochote, kwa kuwa kilichohifadhiwa tayari kimekatwa. Rekodi kwa biti 24, ambazo kwa nadharia zina nafasi ya takriban desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na uache vilele karibu na -12. Hakuna faida yoyote ya kukaribia dari wakati wa kurekodi.

Swali: Nimeshusha kitelezi cha mwimbaji hadi chini kabisa, lakini riveba yake (mwangwi) bado inasikika.

Jibu: Sauti inatumwa kwenye riveba kutoka mahali palipo kabla ya kitelezi. Badilisha mpangilio ili itumwe baada ya kitelezi, na riveba itapanda na kushuka pamoja na mwimbaji. Kutuma kabla ya kitelezi kunafaa zaidi kwa mchanganyiko wa hedifoni anaopewa mwimbaji anaporekodi, ambao haupaswi kuyumba kila unapogusa traki.

Swali: Nikichora otomesheni ya sauti, siwezi tena kusogeza kitelezi, kinarudi kilipokuwa.

Jibu: Otomesheni ni maagizo ya kusogeza kidhibiti chenyewe wimbo unapocheza, kwa hiyo kitelezi kinafuata mstari uliouchora. Weka plagini ya geini (ya kupandisha na kushusha sauti tu) mwishoni mwa traki na uchore otomesheni humo, ili kitelezi kibaki huru.

Swali: Mchanganyiko wangu una besi nzuri nikiwa kazini, lakini nikiusikiliza baadaye kwa sauti ndogo besi inatoweka. Je, niiongeze?

Jibu: Kabla hujaigusa besi, chunguza ulikuwa ukisikiliza kwa sauti kubwa kiasi gani. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio husikia sauti nzito kwa udhaifu zaidi kadiri kiwango cha usikilizaji kinavyoshuka. Leo jambo hilo limewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 226. Anayefanya kazi kwa sauti kubwa hudhani besi inatosha kwa sababu sikio lake limeiongeza.

Sikiliza kwa kiwango ambacho unaweza kuzungumza na mtu aliye kando yako bila kupaza sauti, na upandishe kwa muda mfupi tu unapotaka kukagua. Weka alama kwenye kitufe cha spika ili urudi palepale kila siku, na usitumie masta kwa kazi hiyo, kwa sababu masta hubadilisha faili lako. Ninalisisitiza hili pia kwa ajili ya afya ya masikio: NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na muda huo hupungua kwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3.

Swali: Nifikishe wimbo kwenye LUFS ngapi?

Jibu: LUFS hupima ukubwa wa sauti kwa kuzingatia jinsi sikio linavyosikia, kwa mujibu wa kipimo cha ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) kiitwacho BS.1770, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Spotify kwa kawaida hucheza nyimbo kwa -14, hivyo wimbo uliobanwa hadi -8 utashushwa kwa desibeli 6, na vilele ulivyovikata ili kufika huko havitarudi. Wakati wa kuchanganya usiifuate namba hiyo hata kidogo. Panga uwiano, acha vilele vya masta vikiwa karibu na desibeli -6, kisha ongeza ukubwa katika hatua ya mwisho ukihakikisha kilele halisi (“true peak” kwenye mita) hakivuki desibeli -1.