Stima ikipotea, simu ya mezani ya mamangu itaita?

Swali: Fundi, asalaam alaykum. Mamangu ana miaka 74, anaishi peke yake Mji wa Kale na ana presha. Ana simu ya mezani ya waya tangu enzi za Posta na Simu na mpaka leo yafanya kazi. Sasa amekuja kijana wa faiba, asema waya wa zamani utolewe awekewe faiba, simu ipite huko huko, na eti simu ya mezani haizimiki hata stima ikipotea. Mimi niko Tudor, usiku akianguka na giza limeingia atampigia nani? Ni kweli asemavyo?

Jibu: Waalaykum salaam dada. Huyo kijana hakudanganya, ila amechukua sifa ya simu moja akaipa nyingine.

Simu ya zamani ya waya wa shaba haitumii stima ya nyumba yenu hata kidogo, moto wake watoka eksichenji, ile stesheni ya kampuni ya simu inayounganisha laini, unakuja na zile nyaya mbili zinazoleta sauti, kama volti 48 hivi, na ikiita moto unapanda kama volti 90, ndo maana fundi akishika waya wazi simu inapoita anaruka, mimi nimeruka mara ngapi sijui. Kule eksichenji kuna betri kubwa zimepangwa safu na jenereta nyuma yake, kwa hivo mtaa mzima ukizima wewe ukiinua mkono wa simu wasikia mlio kama kawaida. Hiyo ndo sifa aliyoisikia kijana. Tena wazee wa kazi walikuwa na akili, ule moto waliufanya hasi upande wa laini na chanya wakaizika ardhini, manake ukifanya kinyume shaba inaliwa haraka na unyevu. Na hata hivo chumvi ya Mombasa yaila tu, nenda kafungue jointi yoyote karibu na bahari uone ule ukijani.

Sasa faiba. Faiba ni kioo, inabeba mwanga, stima haipiti mle. Kwa hivo kile kiboksi wanachofunga ukutani na ruta yake vyote vyataka stima ya hapo nyumbani, na simu ya mezani mkiichomeka nyuma ya ruta inakuwa mtoto wa ruta, mama akizima mtoto naye kwisha. Stima ikipotea Mji wa Kale hiyo simu imekufa saa hiyo hiyo, labda muweke UPS, yaani betri ya akiba inayoshika stima ikikatika. Na hapa watu huuziwa matumaini dukani, boksi limeandikwa 8800 mAh mtu adhani ni bahari ya moto, kumbe hiyo ni hesabu ya betri ya volti 3.7, ukizidisha wapata kama wati-saa 32. Kiboksi na ruta pamoja vikila wati 10 hadi 15 basi una masaa mawili, matatu ukibahatika, na hiyo betri ikiwa mpya. Wakumbuka usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilivoingia gizani? Sehemu nyingi palikucha bado giza. UPS ya masaa matatu ingekufa usiku wa manane, na huo ndo wakati wenyewe mtu mzima anaamka kwenda msalani akateleza.

Kitu kingine muulize kijana, faiba yao yatoka kwao moja kwa moja mpaka mlangoni, au kuna swichi, kiboksi cha kugawa intaneti, imefungwa chini ya ngazi inagawia nyumba zote? Kama ipo hiyo swichi na haina betri yake, hata mamako akiwa na UPS kubwa kama friji haimsaidii.

Lakini nisije nikaipamba shaba nayo ikanitia aibu. Wezi wa shaba wapo, waya ukikatwa barabarani betri za eksichenji hazina la kufanya, na mvua kubwa ikijaza maji kwenye jointi laini inakwaruza mpaka humsikii mtu. Laini ya hivo usiitegemee. Na angalia ni simu gani iko mezani, kama ni ile isiyo na waya inayokaa kwenye kikalio chake, kikalio chataka stima, hapo faida yote ya shaba imepotea. Nilimkuta mzee mmoja Makadara laini yake safi kabisa na simu imekufa, alinunuliwa ya kisasa na mwanawe. Tukatoa ile nyeusi kabatini tukachomeka, ikalia.

Ushauri wangu, kama laini ya mama haikwaruzi muache nayo, faiba mkiitaka iingie kando kwa ajili ya intaneti. Kila Ijumaa ukienda kumuona inua ile simu usikilize mlio. Halafu mnunulie simu ya mkononi ndogo, kabambe, mulika mwizi ya kawaida yenye vibonye vikubwa, chaji yake hukaa siku kadhaa, ailaze karibu na mto. Minara ya simu nayo ina betri ila kila mtu akipiga pamoja mtandao unasongamana, kwa hivo umfundishe na meseji, hupenya hata sauti ikigoma. 999 na 112 aziweke, lakini kibonye cha kwanza kiwe cha jirani wa ukuta kwa ukuta, manake vile vichochoro vyenu gari haliingii, jirani ndo atafika na viatu vya kuogea kabla ya mtu yeyote.

Na kijana akishafunga vyake usitie sahihi kwanza. Shusha swichi kubwa ya stima ya nyumba, toka nje, ipigie ile simu ya mezani kwa simu yako. Isipoita umeshapata jibu lako, ikiita basi tazama saa na uendelee kuipiga kila nusu saa mpaka inyamaze.