Mdogo wangu uliye Helsinki, kiti kikibaki kitupu usinune

Juzi binti mmoja wa Tanga aliyekuja Ufini kusomea uuguzi ameniandikia. Anasema kwenye basi watu wako radhi wasimame kuliko kukaa pembeni yake, na akirudi chumbani analia. Ujumbe wake umeishia hivi: "Dada, kwani mimi nanuka?"

Hunuki, mdogo wangu. Nimeishi mji huu muda mrefu na uchungu huo naujua. Ubaguzi upo, sikufichi, na mimi nimeshatupiwa maneno kwenye tramu mchana kweupe, abiria wote kimya. Mpaka leo linaniuma. Lakini kiti kitupu Wafini wanaachiana hata wenyewe kwa wenyewe. Watazame kituoni siku ya theluji: kila mtu kasimama mbali na mwenzake, hata kama kibanda kina nafasi. Kwao huko ndiko kukuheshimu.

Sisi tumelelewa vingine. Kwenye daladala la Mbagala unampakata mtoto ambaye mama yake humjui, umeshika na kikapu cha aliyesimama, konda bado anapiga kelele watu wasogee nyuma. Mwanamke mwenzio akikuegemea, humchukii. Mwanamume akikuegemea makusudi ndipo unapougeuza mkoba ukae katikati yenu, na kila binti wa Dar anajua jinsi ya kuugeuza bila kusema neno. Kwa hiyo kinachotusumbua ni nani anayetubana na anatutazama vipi. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba Mmarekani hujitengea nafasi ya binafsi ya sentimita 45 hadi mita 1.2. Sawa, lakini rula haipimi macho.

Na kwa macho, sisi ndio wakali. Vichochoro vya Lamu vimebana, watu wawili wakipishana mabega yanagusana, lakini mgeni wa kiume anaishia dakani, yaani kibarazani pa mlango, haoni ndani. Wikio, kivuko cha ghorofani, lilijengwa juu ya njia, nyumba moja hadi nyingine, na wanawake walivuka humo bila kuonwa na wapita njia. Mwili karibu, sitara kamili.

Sasa njoo kwenye bwawa la kuogelea la hapa. Watu walewale wasiotaka bega lako kwenye basi wanaoga uchi mbele yako! Kabla ya kuingia majini lazima uoge bila nguo, na sauna, kile chumba chao cha joto cha kutokwa jasho, huingii na vazi la kuogelea. Upande wa wanawake ni wao kwa wao, lakini mimi nimelelewa kubadili nguo ndani ya khanga, ncha nimeing'ata kwa meno, hata mbele ya dada zangu wa tumbo moja. Nikakuta bibi wa umri wa nyanya yangu kakaa uchi, anapiga soga kama yuko barazani, wala hakuna aliyemtazama. Bwawa la Yrjönkatu, lililofunguliwa 1928, limegawa siku za wanawake na za wanaume, na hadi 2001 watu waliogelea uchi tu, vazi halikuruhusiwa.

Nilifanya nini? Niliuliza. Nilimfuata mhudumu nikamwambia nataka sehemu yenye pazia, akanionyesha, basi. Sauna niliiacha, na hakuna aliyeninunia. Leo naogelea vizuri kuliko wengi waliozaliwa hapa, na najivunia hilo.

Kwa hiyo uliza, mdogo wangu. Ukitaka sitara, iombe kwa sauti. Hawa watu hawabahatishi unachotaka, wanasubiri useme. Ukitaka mtu wa kukaa naye karibu, usimtafute kwenye basi, mkaribishe chai chumbani kwako. Na usiwaige kwa kuona haya. Nimeona mabinti wetu wakivua kwa kulazimishwa na marafiki, wakatoka wanatetemeka. Mwingine anajifungia chumbani mwaka mzima kwa sababu ya kiti cha basi! Hakuna aliyetutuma huku tuje kupoteza heshima wala kupoteza afya. Khanga yako ije nawe. Kesho panda basi, kaa dirishani, mkoba uweke kwenye hicho kiti, soma masomo yako hadi kituo cha chuo. Jumamosi uje kwangu, tutabanana kwenye mkeka na wenzio.