Anza na Jedwali, Mashabiki Watakuja Wenyewe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nataka kufungua ukurasa wa mashabiki wa singeli. Nitumie Blogger au WordPress? Na nifanyeje nipate mashabiki elfu kumi haraka?"

Maswali ya namna hii huwa nayajibu kwa mstari mmoja. Hili nalijibu hapa, kwa kirefu, kwa sababu siku hiyo hiyo nilimsikia mtangazaji wa redio moja ya hapa Dar akisoma hewani historia ya bendi fulani neno kwa neno kutoka kwenye orodha yetu ya nyimbo na bendi za dansi, hadi jina la mpiga tumba ambalo tulilipata kwa mjukuu wake baada ya kusumbua watu weee. Hakututaja. Niliumia kidogo, nikajivuna zaidi, nikaona nina la kusema.

La Blogger na WordPress, mitambo miwili ya kuendeshea blogu, tulimalize. Blogger ipo tangu 1999, Google waliinunua 2003, ni bure, na ukiipa sura nyepesi inafunguka hata kwa bando la kuungaunga. WordPress ilizaliwa 2003, ina uwezo mkubwa zaidi, ila ukiiweka kwenye seva yako utalipia seva, utalipia jina la tovuti, na usipoisasisha wahuni watakuingilia. Chagua unayoiweza. Zote mbili zinakuruhusu kutoa maandishi yako yote kama faili la XML, yaani maandishi yenye alama ambazo programu nyingine zinaweza kuyasoma, na kwangu hilo ndilo swali la kuuliza kuhusu chombo chochote: siku nikitaka kuhama, nahama na nini? Kama jibu ni picha za skrini, usihamie hapo.

Sasa hadithi yenyewe. Mimi ni mtoto wa muziki wa dansi. Baba alikuwa shabiki damu wa bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, mjomba wa bendi ya Msondo, na kuna Jumapili walikuwa wanasalimiana kwa shida. Blogu ya zilipendwa niliianza na mwenzangu: mimi naandika, yeye anakusanya watu WhatsApp. Kundi alilifungua kwa laini yake. Enzi hizo kundi moja lilikuwa na mwisho wa watu 256, likajaa, watu wakawa wanasubiri mtu atoke ili waingie. Usiku kucha ni ubishi: nani kaimba ubeti wa pili, gitaa la solo kapiga nani, wimbo ulirekodiwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) kabla au baada ya fulani kuhama bendi. Raha tupu.

Asubuhi moja jina la kundi likabadilika. Picha ya bendi ikaondoka, ikaja picha ya mkeka wa kubeti. Mikeka ya uhakika, lipia upate odds. WhatsApp haimruhusu yeyote kumwondoa aliyeunda kundi, kwa hiyo sikuwa na la kufanya zaidi ya kutazama watu niliowabembeleza mmoja mmoja wakiuziwa utabiri wa mpira. Mzee mmoja wa Ilala, aliyejiunga ili azungumzie magitaa ya miaka ya sabini, alinipigia simu kuniuliza kwa upole Arsenal inahusiana vipi na Mlimani Park.

Huyo mwenzangu simtaji. Najua anasoma hapa. Salamu zake.

Kilichotubakiza hai ni jedwali. Kabla ya vurugu hiyo nilikuwa nimechoshwa na ubishi ule ule kurudi kila mwezi, nikawa natoa mazungumzo ya kundi kama faili la maandishi matupu (WhatsApp inayo hiyo, tafuta sehemu ya kuhamisha gumzo), nachambua majibu, nayapanga kwenye safu: wimbo, bendi, mtunzi, mwimbaji, mwaka, nani katuambia. Kundi lilipopotea, nikaliweka jedwali kwenye blogu na chini yake fomu fupi ya masahihisho. Basi. Watu walirudi kwa wingi, na hawakurudi kusoma makala zangu tamu. Walirudi kunisahihisha. Shabiki wa kweli hana raha kubwa kuliko kumwambia mtu mwingine kwamba amekosea mwaka.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo penye kazi. Chukua bendi moja tu. NUTA Jazz ilianza 1964, baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Kwenye orodha yetu ya mwanzo ilikuwa bendi nne tofauti, kila moja na mashabiki wanaoapa kwamba wimbo ni wa kwao. Halafu kuna mitindo: Msondo ni jina la mtindo, Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, lakini mtu akisema "Sikinde" anamaanisha bendi. Halafu wanamuziki wenyewe hawatulii. Marehemu Muhidin Gurumo aliimba NUTA, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Safari Sound miaka ya themanini, akarudi Msondo. Ukiandika "Gurumo – Msondo" ukaishia hapo, umefuta robo ya historia ya muziki wa Dar.

Tulichofanya ni kuipa kila bendi namba yake ya kudumu, na majina yote iliyowahi kuyatumia tukayaweka kwenye jedwali la pembeni yakielekea kwenye namba hiyo. Wimbo unabeba namba ya bendi pamoja na jina lililotumika wakati ule. Mwanamuziki naye ana namba. Ubishi wa NUTA na JUWATA ukafa siku hiyo hiyo. Sikujua kwamba wataalamu wa kompyuta wana nadharia nzima ya jambo hili, nilifundishwa na wazee wa Magomeni.

Faili tunalihifadhi kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Linafunguka kwenye simu, kwenye Excel, kwenye kompyuta kuukuu ya stationery mtaani. Lina maudhi yake. Jina la wimbo likiwa na mkato ndani, lifungie kwenye alama za kunukuu, la sivyo safu zote zinasogea na mtunzi anageuka kuwa mwaka. Namba ya simu inayoanza na sifuri, Excel inaila sifuri. Na kuna kero yetu sisi Waswahili: ng'. Anayeandika kwa Word au iPhone mara nyingi hupata ritifaa (kile kialama cha juu) iliyopinda, wa Android hupata iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, kwa hiyo ukitafuta jina lenye ng' unaambiwa halipo wakati liko mbele yako. Faili likifunguliwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyotafsiri herufi) usio sahihi, ile iliyopinda inageuka kuwa â€™. Hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, kisha badilisha ritifaa zote ziwe za aina moja. Fanya mapema, kabla orodha haijawa ndefu.

JSON, namna nyingine ya kupanga data kwenye faili la maandishi, niliigusa tu pale kijana mmoja alipotaka kutengeneza programu ya simu kutokana na orodha yetu. Inafaa pale kitu kimoja kinapobeba vitu vingi ndani yake, mfano wimbo wenye waimbaji watatu. Kama hakuna anayeiomba, iache.

Jambo la mlisho wa RSS, yaani faili linaloziarifu programu nyingine kila unapoweka posti mpya, nalisema kila mara na kila mara napuuzwa. Blogu yako tayari inao. Kwa WordPress ongeza /feed/ mwisho wa anwani, kwa Blogger ongeza /feeds/posts/default. Google Reader, programu ya kusomea milisho, ilifungwa Julai 2013 na watu wakazika RSS, kumbe podcast mnazosikiliza zinasafiri kwa njia hiyo hiyo mpaka leo. Kwetu, mlisho ndio unaotoa posti mpya na kuipeleka Telegram na kwenye barua pepe bila mimi kunyanyua kidole. Ila uwe makini: XML haina huruma. Kama mlisho unautengeneza kwa mkono, ukaandika "Sikinde & Msondo" na hiyo & ikaingia ilivyo, mlisho mzima unakataa kusomeka. Iandikwe &, au tumia "na" kama binadamu.

Barua pepe nazo, usizidharau kwa kuwa vijana hawazisomi. Wazee walioko Uingereza na Oman wanazisoma, tena wanajibu kwa aya ndefu zenye majina ya wapiga tarumbeta. Lakini orodha iwe mikononi mwako. Julai 2021 FeedBurner, huduma ya Google ya kusambaza milisho, iliacha kutuma posti kwa barua pepe. Ilitangazwa mapema, nafasi ya kupakua orodha ya waliojiandikisha ilikuwepo. Sisi tulipakua, CSV hiyo hiyo, tukaendelea. Kuna blogu nilizozipenda ambazo hazikupakua, na siku ile zilipoteza wasomaji wote bila hata kuwaaga.

Kwa hiyo mdogo wangu, nakuambia tena: toa nakala. Ya posti, kila mwezi. Ya jedwali, kila wiki. Ya orodha ya barua pepe, kila inapoongezeka. Kundi la WhatsApp mlifungue kwa laini ya mtu ambaye hata mkigombana mtazikana, na bado toa nakala.

Na hiyo elfu kumi uiache. Nawaona vijana wengi siku hizi wananunua wafuasi, wanaweka picha ya msanii na maneno "like kama unamkubali", wanapata like, kesho hakuna anayekumbuka aliyeuliza. Umati unaojengwa hivyo ni wageni wa harusini, pilau likiisha wameondoka. Mtafutie shabiki kazi. Wewe una bahati kuliko sisi. Singeli inatengenezwa kwenye studio za uswahilini, inaruka kwenye simu na memori kadi bila jina la prodyuza, bila mwaka, faili linaitwa "mpya kali 3". Maprodyuza hao wapo hai, wana namba za simu, wengine hawajafika miaka thelathini. Waulize sasa. Nani kapiga biti, studio ipi, MC nani, toleo la kwanza lilikuwa lipi. Weka kwenye jedwali, likosee kidogo, ulitangaze. Watakuja kukurekebisha kwa matusi, na hao ndio jamii yako. Watukanaji wangu wa mwaka wa kwanza ndio wasimamizi wangu leo.

Kabla hujatangaza chochote, soma kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Mwaka 2018 zilipokuja zile za maudhui ya mtandaoni zikidai leseni kwa wenye blogu, ada ya leseni peke yake ikiwa shilingi milioni moja, blogu nyingi zilifunga milango. Zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo usitegemee maneno ya vijiweni wala ya kwangu. Soma zilizopo leo.

Wale mnaoniomba orodha ya dansi inbox: ipo upande wa kulia, bonyeza neno CSV. Ikifunguka na takataka kwenye Excel, usiifungue kwa kubofya mara mbili. Ingia sehemu ya Data, iingize kama faili la maandishi, chagua UTF-8. Na yule mtangazaji akiihitaji tena aipakue upya, mpiga tumba tumemrekebisha jina la ukoo.